Maswali yenu: kuvamia mahandaki usiku

Tangu nigusie vita vya mahandaki vya 1914 hadi 1918 huko Ufaransa na Ubelgiji, barua zimefurika. Nusu yake zinauliza nani alikuwa shujaa. Hizo nimeziweka kando, isipokuwa moja. Zilizobaki zinahusu uvamizi wa usiku: kundi dogo linavuka hadi handaki la adui, linapiga, kisha linarudi kwao.

*Wakanada ndio waliobuni uvamizi wa usiku, sivyo?*

Sivyo, na hili nimelijibu mara tatu sasa. Uvamizi unaotajwa kuwa wa kwanza ni wa askari wa Kihindi wa kikosi cha Garhwal Rifles, waliopigana upande wa Uingereza, usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Novemba 1914. Wakanada walikuja baadaye. Walichokifanya ni kuugeuza kuwa kazi ya mafunzo. Kabla ya kuvamia Petite Douve, shamba lililoshikwa na Wajerumani huko Ubelgiji, usiku wa 16 kuamkia 17 Novemba 1915, walifanya mazoezi siku kadhaa, kila mtu akijua zamu yake: huyu wa kukata seng'enge, huyu wa kurusha mabomu, huyu wa kuziba handaki upande wa kushoto, huyu wa kusindikiza mateka. Walirudi na mateka 12, wao wakiwa wamepoteza mtu mmoja. Wanaosimulia usiku ule husahau kwamba kundi la pili halikufika kabisa. Lilikwama kwenye mtaro wa maji wenye seng'enge chini yake.

*Kwa nini hawakutumia darubini za kuonea gizani?*

Hazikuwepo. Swali linalofuata.

*Ni kweli walikwenda na marungu, kama watu wa kale?*

Kweli, tena mengine yamepigiliwa misumari. Usicheke. Handaki ni jembamba, na limechimbwa kwa kona kona makusudi ili bomu moja lisiue wote. Bunduki ndefu iliyofungwa singe haigeuki mle ndani. Kwa hiyo walichukua rungu, kisu, bastola, sepetu iliyonolewa ukingo, na zaidi ya yote mabomu ya mkono. Bomu unalirusha nyuma ya kona kabla hujaikunja. Uso walijipaka masizi ya kizibo kilichochomwa, na beji, barua na vitambulisho viliachwa nyuma, ili akiuawa mtu au kukamatwa, adui asijue ni wa kikosi gani.

*Baruti ya mwanga ikirushwa ukiwa katikati ya uwanja, unakimbia au unalala?*

Hukimbii. Ukiwa umesimama, unaganda ulivyo, hata mguu mmoja ukiwa juu. Jicho la mlinzi linakamata kinachosogea, na katika mwanga ule unaoyumba mtu aliyetulia anafanana na nguzo ya seng'enge au kisiki. Aliyejitupa chini kwa pupa amejitangaza mwenyewe.

*Faida yake hasa ilikuwa nini? Wanaingia, wanatoka, na handaki linabaki la adui.*

Hili ndilo swali lililostahili stempu. Faida ya kwanza ni habari. Mateka mmoja, au hata namba ya begani iliyokatwa kwenye koti la maiti, inakwambia ni divisheni gani iko mbele yako. Ukikuta divisheni mpya mahali palipokuwa pametulia, ujue kuna jambo linapikwa. Kwa hilo sina ugomvi.

Ugomvi wangu ni na faida ya pili, ile waliyoipenda majenerali: eti uvamizi hutunza moyo wa vita. Zilikuwepo sehemu ambapo pande mbili zilikuwa zimeelewana kimyakimya kutorushiana risasi wakati wa chakula. Makao makuu hayakupenda utulivu huo, yakaamuru uvamizi ili kuuvunja. Vijana wakafa ili ripoti isomeke vizuri.

Tena kadiri uvamizi ulivyokua ndivyo ulivyoharibika. Mizinga ilianza kupiga pande tatu za kipande cha handaki, moto ukawa ukuta wa kuwazuia adui wengine wasije kuwaokoa waliovamiwa. Mbinu nzuri. Lakini mizinga hiyohiyo ikitumika kukata seng'enge mchana kutwa, adui anaona pengo limefunguliwa, naye anaelekeza bunduki ya rashasha papo hapo na kusubiri usiku. Kisha likaja la Vimy, kilima cha kaskazini mwa Ufaransa, alfajiri ya 1 Machi 1917. Wakanada wapatao 1,700 walitangulizwa na gesi. Upepo ukageuka. Gesi ikatuama kwenye mashimo ya makombora, na mashimo hayo ndiyo waliyokuwa wakijificha. Waliouawa, kujeruhiwa na kupotea walikuwa 687. Huo si uvamizi tena, ni shambulio kamili lililopewa jina dogo.

*Eti Mmarekani mmoja mweusi alipigana na Wajerumani zaidi ya 20 peke yake? Nadhani ni porojo.*

Unadhani vibaya. Ni Henry Johnson wa rejimenti ya 369 ya jeshi la Marekani, Mei 1918, akiwa zamu ya ulinzi na Needham Roberts. Kundi la Wajerumani, takriban watu 24, liliwavamia usiku. Roberts alijeruhiwa, wakataka kumkokota awe mateka. Johnson alirusha mabomu, bunduki ilipokwama akaigeuza rungu, mwisho akashika kisu. Alipata majeraha 21, na mwenzake hakuchukuliwa. Ufaransa ilimpa nishani ya Croix de Guerre upesi. Nchi yake ilimpa nishani yake ya juu kabisa mwaka 2015, yeye akiwa kaburini tangu 1929. Mkiuliza tena habari za mashujaa, ulizeni na hesabu hiyo ya miaka.

*Naandika hadithi juu ya uvamizi. Nianzie wanapotoka handakini?*

Anzia wanaporudi. Kutoka kuna mpango, kuna saa, kuna tepe nyeupe iliyotandazwa kuonyesha njia. Kurudi kuna majeruhi wa kubeba, mateka anayesitasita, mizinga ya adui imeamka, na mlinzi wa upande wako, kijana anayetetemeka, kidole kwenye kifyatulio, akisubiri neno la siri kutoka kwa watu wenye nyuso nyeusi wanaohema mno hata hawawezi kulitamka.