Nichukue mkopo wa milioni 12 tumalizie nyumba?

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mbeya, nina miaka 37, mume na watoto watatu. Tumepanga Ilomba, vyumba viwili, kodi laki moja kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Tuliyolipa inaisha Desemba. Tuna kiwanja Isyesye, tulikinunua kwa pesa ya wote wawili ila karatasi ya mauziano ina jina la mume wangu peke yake. Tumejenga kwa tofali za kuchoma, vyumba vinne, sebule, jiko na stoo, tukafika kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, tukakwama. Boma limeshanyeshewa misimu miwili. Fundi ni mdogo wake mume wangu. Mwaka jana nilinunua mifuko 40 ya saruji, 11 hadi leo sijui ilikwenda wapi. Mume wangu, ambaye ni dereva wa lori, anataka nichukue mkopo wa milioni 12 kwa miaka 7 tumalizie yote, na anataka paa la kuficha, lile ambalo bati halionekani kwa sababu kuta zimepandishwa kulizunguka, kama la wenzake. Kwa sasa, baada ya makato ya mkopo wa zamani, napokea 555,000. Nikichukua huu nitabaki na 320,000. Nilimwambia tupaue hivyo hivyo tuhamie, akasema yeye hahamii kwenye pagale wenzake wamcheke. Tangu siku hiyo tunaongea habari za watoto tu. Fomu ya benki iko kwenye mkoba wangu. Nifanyeje?
Mwalimu, Ilomba

Marahaba, mwanangu. Hiyo fomu usiisaini. Nimeanza na hilo kwa sababu najua mtu akikaa na karatasi mkobani muda mrefu, huku nyumbani hakuna maongezi, kuna siku anasaini ili tu amani irudi. Amani ya namna hiyo utailipia miaka saba.

Toa 320,000 kwenye 555,000. Inabaki 235,000, ndiyo itakayokatwa zaidi kila mwezi. Zidisha kwa miezi 84 unapata 19,740,000. Hiyo ndiyo bei halisi ya milioni 12 unayopewa. Mtumishi wa umma anatakiwa abakiwe na theluthi ya mshahara wake, na benki inapokupimia mkopo inatazama mstari huo. Haitazami kwamba una watoto watatu wanaokua, wala kwamba mume wako asiposafiri mwezi mmodi, nyumba nzima inakula kwenye hiyo 320,000 yako.

Tena milioni 12 haimalizi nyumba yenu. Kutoka kwenye linta mnadaiwa kozi za juu, yaani mistari ya tofali inayobaki, kenchi za mbao za kubeba bati, bati lenyewe, plasta ndani na nje, sakafu, dari, milango, grili na vioo, nyaya za umeme, mabomba, choo na shimo lake, kuvuta maji na kuvuta umeme, halafu ndiyo rangi. Nimeona familia nyingi zikikwama hapo hapo: pesa ya mkopo inaishia kwenye paa zuri na grili za mbele, makato yanaanza, na bado wanalipa kodi kwa mtu mwingine.

Kabla hamjaongea habari ya paa, nenda Isyesye ukaangalie kuta. Chukua msumari wa inchi nne, ukwaruze katikati ya tofali na tofali, hasa kozi tatu za juu na pembe zinazopigwa na mvua. Udongo ukimwagika kama unga, mvua imeshaingia ndani, hizo kozi zitabomolewa zijengwe upya. Msumari ukiteleza na kuacha mstari tu, kuta ni nzima. Tofali nazo gonga mbili mbili. Iliyoiva inalia, isiyoiva inatoa sauti nzito na kona zake zinameguka. Angalia na nondo zilizoachwa wazi kwenye linta, kama zimepata kutu ya juu juu au zimeanza kulika. Kisha zunguka nje uone maji ya mvua yanatokea upande gani. Mbeya tunayajua maji ya mlimani, tuliona Aprili 2024 Itezi tope la Mlima Kawetele lilivyofunika nyumba za watu. Hata pasipo janga kama lile, maji yanayotuama kwenye msingi kila masika yanakula ukuta taratibu. Mtaro wa kuyakatiza unachimbwa na vibarua wawili, gharama yake ni ndogo kuliko kitu kingine chochote kwenye nyumba hiyo.

Sasa paa. Wanaolisifia paa la kuficha husema linakula mbao na bati kidogo kwa sababu halisimami sana, na hapo wanasema kweli. Lakini zile kuta zinazopanda kuficha bati zinataka tofali na saruji yake, zinataka plasta pande zote mbili na kifuniko cha zege juu, na maji yote ya paa yanapita kwenye mifereji iliyo ndani ya kuta. Majani yakiziba mfereji mmoja, maji yanaingia kwenye ukuta na darini. Huku kwetu mvua inaanza Novemba inakwenda hadi Aprili. Paa la aina hiyo linataka fundi aliyelizoea na mwenye nyumba mwenye akiba ya marekebisho. Ninyi kwa sasa hamna vyote viwili.

Kuna jambo kubwa zaidi hapo. Paa la kawaida la mgongo, bati likitoka nje ya ukuta nusu mita au zaidi, linaukinga ukuta. Tofali za kuchoma zilizoiva zikikingwa hivyo zinakaa miaka bila plasta ya nje na hazidhuriki, na mitaa ya Mbeya imejaa nyumba hizo, watu wanaishi na kusomesha watoto. Paa la kuficha haliuachi ukuta nafasi hiyo. Plasta ya nje inakuwa ya lazima mwaka huo huo. Kwa hiyo mume wako anapochagua paa, anachagua na plasta, na rangi, na mkopo. Mweleze hivyo, kwa utulivu, na hesabu mkononi.

Mimi ningepaua nyumba nzima kwa paa la mgongo, si nusu, kwa sababu nusu iliyobaki itaendelea kuoza. Mbao ziwe zimewekwa dawa. Tuko jirani na Mufindi, mbao za msitu wa Sao Hill zinapita barabara hii kila siku, hakuna sababu ya kupandisha juu mbao mbichi zitakazopinda kabla hujapiga dari. Bati usidanganywe na rangi, uliza geji: namba ikiwa ndogo bati ni nene, geji 28 ni nene kuliko 30. Upepo wa huku unaujua.

Ndani malizeni vyumba viwili, jiko na choo. Vingine vifungeni kwa mabanzi madirishani, vikae visubiri. Choo na shimo ndiyo msifanye cha muda, hapo afya ya watoto ipo. Na mkipata pesa ya dari ya chumba kimoja tu, kiwe cha watoto. Unajua Juni na Julai zilivyo hapa. Bati lisilo na dari alfajiri linatoa jasho, matone yanaangukia kwenye blanketi.

Mkopo wa kupaua peke yake nisingeukataa. Leteni makadirio ya fundi kwa maandishi: mbao, bati, misumari, ufundi. Mkope kiasi hicho tu, kwa muda mfupi, miaka mitatu hivi. Makato yake yasaidiwe na ile laki moja mtakayoacha kumpa mwenye nyumba, na posho za safari za mume wako, kiasi kinachojulikana, kinachotumwa kwenye simu yako kila anaporudi. Hilo la posho ni sharti. Kwenye barua yako nimeona mshahara wako mpaka shilingi ya mwisho, wa kwake sijauona popote. Kama hata wewe huujui, hapo ndipo maongezi yenu yaanzie.

Nije kwa huyo baba. Mwanangu, yale maneno ya kuchekwa usiyachukulie kwamba ni kiburi tu. Dereva anakaa barabarani, kijiweni hadithi ni nani kajenga wapi. Ameshika usukani miaka yote hiyo, na kitu pekee anachoweza kuonyesha ni nyumba. Kwake kuhamia kwenye tofali tupu ni kama kutangaza kwamba ameshindwa. Uliposema "tuhamie hivyo hivyo" yeye alisikia hivyo. Kwa hiyo usirudie maneno yale. Mchukue Jumapili moja mwende wote kiwanjani bila shemeji, bila watoto. Muonyeshe kwa ule msumari. Mwache aguse mwenyewe. Kisha muulize, "Baba fulani, hizi kuta zikinyeshewa msimu wa tatu, tutakuwa na nini cha kumalizia?" Halafu nyamaza, umpe nafasi ajibu. Kama moyo wake umeng'ang'ania uzuri wa mbele, kubalianeni kitu kimoja cha kwake: mlango mzuri wa mbao ngumu, au baraza yenye nguzo na plasta. Si pesa nyingi, na ataingia kwake kifua mbele.

Habari ya shemeji usiibebe wewe. Ukisema wewe, kesho ukweni utaitwa mke anayefukuza ndugu. Aseme kaka yake. Na asianze na ile mifuko 11, maana haitarudi na ushahidi huna. Aanze na utaratibu mpya: kazi inapatana kwa hatua, kupaua bei yake, plasta bei yake, inaandikwa kwenye karatasi moja na kusainiwa mbele ya mzee mnayemheshimu wote. Malipo ni hatua ikikamilika. Vifaa mnanunua ninyi, vinafika siku ya kazi. Saruji hasa isilale kwenye boma, kwa unyevu wa huku mfuko unaganda ukiwa bado umefungwa. Shemeji akikubali karatasi, aendelee. Akikataa, atakuwa amejitoa mwenyewe na hakuna atakayekulaumu.

La mwisho ni jina. Si kwamba humwamini mumeo, ila mtu wa barabarani anaweza kutangulia wakati wowote, na watoto wako wanabaki na karatasi ambayo wewe haumo. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, hairuhusu nyumba ya ndoa kuuzwa wala kuwekwa rehani na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama nguvu ya kugawa mali iliyochumwa pamoja wanandoa wanapotengana au kuachana, na katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango. Wewe una zaidi ya hapo, una risiti. Zitunze zote, za saruji, za tofali, na karatasi za mkopo. Lakini usingoje mpaka mahakamani. Kama kiwanja hakijapimwa, rudini kwa muuzaji na serikali ya mtaa muandikiane upya kwa majina mawili. Kikipimwa, hati iombwe kwa majina mawili. Kama ni mshahara wako unaopaua, ombi hilo ni la haki, na lisemwe siku ile ile ya Jumapili, kabla hujaenda benki kuulizia mkopo mdogo.

Muda mnao, ila ni mfupi. Makadirio ya fundi yapatikane mwezi huu, mbao na bati Septemba, kupaua Oktoba. Mvua ikianza Novemba mafundi wawe wanafanya kazi ndani. Mwenye nyumba mwambieni sasa hivi, si Desemba, kwamba safari hii mnaomba kulipa miezi mitatu badala ya sita. Akikataa mitatu mwombeni minne, bado mtakuwa mmehamia kabla baridi ya Juni haijaanza.