Una saa tano Mwanza na begi umeshalikabidhi? Toka kiwanjani

Ukitoka Bukoba kwa ndege kwenda Dar es Salaam, huenda ukaunganisha Mwanza, na ratiba ikikaa vibaya unaambiwa usubiri saa nne, tano, hata zaidi. Abiria wengi hujikunyata kwenye viti wakigombania soketi ya chaji, wakidhani begi likishapokelewa nao wamefungwa kiwanjani. Wapi! Safari ni ya ndani ya nchi, hakuna viza wala uhamiaji. Kinachoamua ni ile tagi inayobandikwa kwenye mpini wa begi kule Bukoba.

Isome begi likiwa bado kwenye mizani. Tazama herufi tatu kubwa: MWZ, begi linashuka Mwanza; DAR, linakwenda moja kwa moja. "Usijali dada, litafika" ya kaunta haitoshi. Kama safari nzima iko kwenye tiketi moja, omba begi liandikiwe hadi mwisho na upewe bodingi pasi zote mbili palepale. Ila kama ulitafuta unafuu ukanunua tiketi mbili za mashirika mawili, jiandae kulipokea begi Mwanza na kulikabidhi upya. Kile kipande chenye namba wanachokupa kitunze, maana begi likipotea watakuuliza hicho kwanza.

Wanaotoka ng'ambo wana utaratibu wao. Ukitua Dar kutoka Dubai au Istanbul, kwa kawaida begi unalichukua hapohapo Dar, unapita nalo forodhani, ndipo unalikabidhi tena kwa ndege ya Mwanza, hata kama tagi imeandikwa MWZ. Usiende zako Kariakoo ukidhani linajipeleka lenyewe.

Haya, begi limeshuka Mwanza na unalo. Kaulize kaunta ya ndege inayofuata kama wanapokea mapema. Wakikataa, mimi siendi mbali: teksi hadi Rock City Mall, iko kwenye barabara hiyohiyo ya kwenda mjini, nakula, narudi. Begi kubwa juu ya bodaboda ni kutafuta balaa, na kumwachia abiria usiyemjua "aniangalizie kidogo" ni balaa zaidi, kwako na kwake.

Kama begi limeshatangulia na mikono yako ni mitupu, nenda soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Huko ndiko utaliona ziwa likifanya kazi: magunia ya dagaa yaliyoshonwa midomo kwa kamba, wapagazi wanaokupigia kelele upishe njia, sangara waliokaushwa wakapangwa kama kuni, wanawake wakichambua dagaa kwa vidole huku wakibishana bei bila kuinua macho. Harufu itaganda kwenye nguo. Atakayekaa jirani yako kwenye ndege atajua ulikokuwa.

Mtego wa Mwaloni ni kununua. Huwezi kufika Dar kutoka Mwanza mikono mitupu, shangazi atanuna, lakini kumbuka kilo zako ulishazitumia Bukoba. Boksi la sato ni mzigo mpya: unarudi kaunta, unapimiwa, na kilo zilizozidi unazilipia. Tena samaki wabichi wanataka barafu, barafu inayeyuka, na boksi linalovuja halipokelewi. Kwa msafiri wa saa tano ushauri wangu ni dagaa wakavu, mifuko miwili, wa ndani na wa nje, ifungwe barabara. Sato waache kwa anayeanzia safari Mwanza.

Asiyetaka samaki aende kivuko cha Kamanga, pale mjini, akaangalie Jiwe la Bismarck, ule mwamba wa ziwani, na feri za Sengerema zikiingia na kutoka. Kisiwa cha Saanane, ambacho ni hifadhi ya taifa tangu 2013, kinapendeza, ila kuna boti ya kwenda na boti ya kurudi, na boti haijui bodingi pasi yako. Nenda tu kama una nusu siku nzima.

Muda uhesabu kurudi nyuma kuanzia saa ya kufunga kaunta au geti, si saa ya ndege kuruka. Kiwanja kiko Ilemela, mbali kidogo na mjini, na jioni magari hujazana. Usijipe moyo kwamba ndege za huku huchelewa; siku unayoitegemea ichelewe ndiyo inayoondoka kwa wakati. Usipotokea, utaitwa kwa jina, kisha begi lako litatafutwa na kushushwa, kwa kuwa mzigo hauachwi usafiri bila mwenyewe, na abiria wote watakuwa wamekaa mle ndani na joto lao wakikusubiri.

Dawa, kompyuta, funguo na vyeti vikae kwenye begi la mkononi. Pawabenki ndiyo kabisa, hairuhusiwi kwenye begi la chini. Na nauli ya bodaboda mpatane kabla hujapanda, ukiwa umeulizia bei kwa mtu asiyeendesha bodaboda.