Ukitaka kuipima shule, ipitie Desemba

Miche 300 tuliipanda kwa siku moja. Mgeni rasmi alikuja, ngoma zikalia, watoto wa darasa la sita wakaimba, picha zikapigwa. Ilikuwa mwishoni mwa Novemba, katika shule ya msingi ya serikali karibu na mpaka wa Busia, upande wetu wa Uganda, na mwalimu mkuu nilikuwa mimi. Tulipofungua shule Februari nikahesabu miche iliyosalia: 11. Mingine ilikauka kwa jua la Januari, mingine ililiwa na mbuzi, na baadhi ya mbuzi hao (hili halikunichekesha wakati ule) walikuwa wa mjumbe wa kamati ya shule.

Nililaumu kijiji kizima. Baadaye nikakubali kwamba aliyekosea ni mimi: nilipanga kana kwamba shule haifungwi. Kwa hiyo ewe mwalimu mkuu mpya, ukiletewa mradi wowote wa mazingira, uliza kwanza: Desemba utakuwa mikononi mwa nani?

Mara ya pili tulisubiri mvua za Machi, tukapanda 60 tu. Mama mmoja jirani wa shule tukamruhusu kulima maharage katikati ya mistari, bila kodi, kwa sharti moja: apalilie miche na afukuze mbuzi. Ilipona 52. Migrevilea tuliiweka mpakani kwa sababu haigombani sana na mazao. Mikaratusi tukaipeleka mbali na kisima, maana inakunywa maji vibaya. Uzuri wake, ukiikata inachipua tena kwenye kisiki.

Jikoni ndiko nilikojifunza zaidi. Tangu 1997 serikali inagharimia elimu ya msingi kwa wote, lakini chakula cha mchana kiko mikononi mwa wazazi. Wanachanga mahindi na maharage, na kuni nazo zinatoka kwenye mfuko huohuo. Sisi tulikuwa tunanunua kuni zikiisha, yaani katikati ya mvua, mbichi na ghali. Siku moja mpishi aliniita nione sufuria. Maharage yalikuwa motoni tangu saa moja asubuhi, saa sita inakaribia na bado magumu, yeye macho mekundu kwa moshi.

"Mwalimu, hizi kuni zinalia maji," akasema, akanionyesha povu likitoka kwenye ncha ya gogo.

Tukaanza kununua Januari, kukiwa kukavu, tukazipasua ndogo na kuzipanga chini ya bati. Nikamwomba pia aloweke maharage usiku. Alikataa katakata, akadai ladha inaondoka. Tukabishana wiki nzima, mwishowe akajaribu sufuria moja, na watoto hawakugundua tofauti. Lori la kuni lililokuwa linaisha wiki ya tano likafika wiki ya tisa. Jiko lenye dohani tulijenga mwaka uliofuata, kwa pesa iliyobaki hapo. Ningeanza na jiko nisingefika, kwa sababu hata jiko zuri linashindwa na kuni mbichi.

Maji ni hesabu rahisi: milimita moja ya mvua kwenye paa la mita za mraba 100 ni lita 100. Mvua moja nzito inaweza kukupa maelfu ya lita, ila mifereji iwe safi na maji ya kwanza, yenye vumbi na mavi ya ndege, yamwagwe. Tenga pesa ya koki kila muhula, hata kidogo. Koki ikivuja, tangi zima linaisha kwa siku chache.

Halafu ikaja likizo ndefu kuliko zote. Shule zilifungwa Machi 2020, na ukiacha madarasa machache yaliyorudi kwa vipindi, zilifunguliwa kikamilifu Januari 2022. Mchwa walikula madawati, mfereji mmoja ulianguka. Lakini tangi lilikuwa na maji, kwa sababu ufunguo alikuwa nao mama yuleyule, akichota jerikani zake na kufagia mifereji.

Nilipohamishwa nilimwachia mwenzangu daftari moja: nani ana ufunguo upi, kuni zinanunuliwa lini, mbuzi wa nani wana tabia gani. Desemba ya kwanza akanipigia simu.

"Mwalimu, kuna mama anapanda maharage kwenye miti yetu. Nimfukuze?"

Nikamwambia afungue ukurasa wa tatu.