Muulize Fundi: Mirunda mifupi, ndoo za mota na mkanda wa kuning'iniza mgongoni

*Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, najenga nyumba ya ghorofa moja Goba. Kuta za juu zimekwisha na sasa tunataka kupiga lipu kwa nje. Shemeji yangu anasema nikodi jukwaa la mapaipu. Fundi wangu anasema mirunda, ile miti iliyobeba slabu (sakafu ya zege ya juu), ipo, inatosha, mapaipu ni kutupa hela. Nimsikilize nani?*
*Mwalimu, Goba*

Marahaba, mwalimu. Safari hii msikilize shemeji, ila usidhani mirunda ni dhambi. Nimefanya kazi juu ya mirunda miaka mingi kabla sijakabidhiwa usimamizi, na kwa nyumba ya chini, mirunda mizima iliyofungwa vizuri inafanya kazi bila shida. Kasoro ni hiyo mirunda aliyonayo fundi wako. Ilikatwa kuibeba slabu, kwa hiyo ina urefu wa mita tatu hivi, na ukuta wako kwa nje hauwezi kuwa chini ya mita sita. Ataifikishaje juu? Ataiunga. Atabandika mmoja ubavuni mwa mwenzake, apige misumari mitatu minne ya inchi nne, kisha amwambie saidia, kibarua wake, apande. Kiungo hicho ndicho kitakachobeba watu na mota (mchanganyiko wa saruji na mchanga), tena mti wenyewe umeshatobolewa misumari kila mahali tangu kazi ya slabu.

Kwa hiyo kodi mapaipu. Yakifika, nenda mwenyewe ukaangalie mambo haya, wala usione haya kwa kuwa wewe ni mwalimu na si injinia.

Anza na miguu. Goba ni miteremko, na udongo uliochimbwa msingi ukarudishiwa hauko imara kama unavyoonekana, hasa masika. Kila bomba likae kwenye kitako chake cha chuma, na chini ya kitako uwekwe ubao mnene, mrefu. Mafundi wanapenda kusawazisha mteremko kwa vipande vya tofali. Kataa. Tofali likipasuka mguu mmoja unashuka, na jukwaa zima linaanza kuinama upande huo.

Halafu tazama limefungwa wapi. Kanuni inayotumika sehemu nyingi ni kwamba kimo cha jukwaa kikizidi mara nne ya upana wake wa chini, lazima lishikizwe kwenye jengo. La upana wa mita 1.2 linafika kikomo kabla ya mita tano, na lako litapita hapo. Lishikizwe kwa bomba linalopita kwenye tundu la dirisha na kukazwa kwa klempu (kibano cha chuma) na bomba jingine lililokingama kwa ndani. Usikubali msumari kwenye tofali, na usikubali kabisa lishikizwe kwenye kitu kilichojengwa jana. Tarehe 27 Aprili 1978, kule Willow Island, West Virginia, Marekani, wafanyakazi 51 walikufa wakijenga mnara wa kupozea maji wa mtambo wa umeme. Jukwaa lao lilikuwa limeshikizwa kwenye zege lililomwagwa siku moja kabla, nalo halijakomaa kuubeba mzigo. Kwetu tunafanya jambo la aina hiyo kila tunapoacha tundu kwenye ukuta mbichi, tukachomeka mrunda na kupanda asubuhi yake.

Tatu, mbao za kukanyagia. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Mbao za inchi moja kwa nane zilizomwagiwa zege zisipande kwenye jukwaa. Zimeloa, zimekauka, zimeloa tena, na nyufa zimejificha chini ya saruji iliyoganda. Taka mbao za inchi mbili, zipangwe zikigusana, na kila ncha ipite chuma inachokalia kwa nusu futi hivi, isizidi futi moja. Ikipita sana, anayekanyaga ncha anainua upande wa pili na kushuka na ubao wake. Kwa nje yawepo mabomba mawili ya kuzuia mtu, la juu likimfika kiunoni, la kati chini yake.

Na mwambie saidia asipange ndoo. Ndoo ya lita 20 ikijaa mota ina kilo 40 hivi. Saidia mjanja anapandisha kumi mfululizo mahali pamoja ili apate kupumzika (nami nilikuwa saidia, namwelewa), hapo umeshaweka kilo 400 juu ya mbao mbili, mafundi bado hujawahesabu.

*Mzee, mimi ni mchoraji rangi, Dodoma. Kampuni imetupa mikanda ya usalama lakini juu hakuna pa kuifunga, basi tunafunga kwenye bomba la chini, pale tunapokanyaga. Wengine wanavaa tu ili msimamizi asifoke. Inasaidia?*
*Kijana wa rangi*

Kwa ghorofa ya kwanza haisaidii, mwanangu. Piga hesabu. Kamba ya mkanda ina karibu mita mbili. Ukiifunga miguuni, utaanguka hadi uipite kamba yote, kisha kile kifurushi cha kupunguza mshtuko kilichoshonwa kwenye kamba kitachanika na kurefuka zaidi ya mita nzima, na mwili wako wenyewe una urefu wake. Jumla ni zaidi ya mita tano. Kama upo mita tatu kutoka chini, ardhi itakupokea kabla kamba haijakaza. Ifunge juu ya kichwa, au angalau usawa wa mabega, kwenye nguzo au boriti ya jengo lenyewe. Bomba la jukwaa ambalo halijashikizwa litakufuata chini.

Kama hakuna pa kufunga, mwambie msimamizi aweke mabomba ya kuzuia na mbao kamili. Hayo yanamlinda hata aliyesahau mkanda. Muulizeni pia nani atamshusha mtu akining'inia, na kwa kifaa gani. Mtu aliyening'inia kimya kwenye mkanda anaweza kupoteza fahamu ndani ya dakika chache kwa damu kukwama miguuni.

*Mwenzetu alianguka kutoka kwenye ngazi, tukambeba mikono na miguu tukampakia kwenye bajaji. Nesi alitufokea. Tulikosea nini?*
*Mafundi wa Mbagala*

Nesi alikuwa na haki. Aliyeanguka hakunjwi. Mwacheni alale alivyo, mmoja ashike kichwa kisigeuke, mwingine atafute gari la kulaza mtu. Kama hapumui vizuri au pana moto, hapo msogezeni. Ikibidi ahamishwe, mtelezesheni juu ya ubao mpana akiwa amenyooka, watu wanne mkiinua kwa pamoja.

Kuhusu ngazi yenyewe: kwa kila mita nne za kupanda, mguu wake ukae mita moja kutoka ukutani, na juu ipite mnaposhukia kwa mita moja ili mtu apate pa kushika. Kisha ifungeni juu. Kijana wa kuishikilia chini akipigiwa simu anaondoka.