Ukifika Dunga, chagua samaki kabla ya kiti

Kila mgeni anayenitembelea Kisumu huniuliza swali lile lile hata kabla hajashusha mzigo: samaki tutakula wapi? Kwa miaka mingi jibu langu limekuwa Dunga. Ni mwendo mfupi wa tuktuk kutoka mjini. Unapita Milimani na ile hifadhi ya swala pala, kisha barabara inateremka taratibu hadi ufuoni mwa Ziwa Victoria. Pale utakuta mashua zimevutwa nchi kavu, nyavu zimeanikwa, mafunjo yamesimama kama ukuta, na watu wamekaa chini ya miti wakizungumza bila kuangalia saa.

Utulivu huo ndio ulioniponza siku niliyompeleka shangazi yangu. Shangazi anaishi Luanda, kule Vihiga, na amekaanga na kuuza samaki sokoni tangu mimi niko shule ya msingi. Nilitaka kumfurahisha. Nikamkalisha mahali pazuri, karibu kabisa na maji, nikaagiza samaki wawili wakubwa na ugali bila kuinuka kitini. Tukangoja saa moja na nusu. Samaki walipokuja walikuwa wamekaangwa mpaka wakawa weusi, lakini nyama ya karibu na mfupa ilikuwa imelegea kama uji na ina harufu. Bei nayo ilikuwa karibu mara mbili ya niliyoizoea, na sikuwa nimeiuliza mapema. Shangazi hakusema neno. Alisogeza samaki pembeni, akala ugali kwa mboga, akanawa mikono, akanishukuru. Niliona haya mpaka nikakosa la kusema.

Tukiwa njiani kurudi ndipo aliponiambia, "Mwanangu, umechagua kiti. Samaki umemwachia mwingine akuchagulie."

Jumamosi iliyofuata tulirudi, yeye akiwa mbele. Tulifika kama saa tano asubuhi. Saa ni jambo la maana sana hapa. Wavuvi wengi hutega nyavu jioni na kuzivuta alfajiri, kwa hiyo asubuhi ndipo samaki wa usiku ule anapofika nchi kavu. Anayekuja saa tisa alasiri anakuta waliobaki, au waliotoka kwenye barafu. Shangazi alipita kwenye vibanda bila kuketi, akaenda moja kwa moja kwa mama karanga mmoja, ndivyo tunavyowaita wanawake wanaokaanga samaki, aliyekuwa na beseni la ngege, yaani tilapia, akamsalimu vizuri, wakaulizana habari za nyumbani, kisha akaomba ruhusa ya kushika.

Nilitazama mikono yake. Kwanza aliangalia macho: yawe yametuna na yanang'aa, yasiwe yamezama wala kufunikwa na ukungu. Halafu akafunua shavu kwa kidole gumba akaangalia matamvua. Ya samaki wa kwanza yalikuwa mekundu kama damu mbichi. Ya wa pili yalikuwa yameanza kuwa kahawia, akamrudisha polepole bila kumwaibisha mwenye mali. Mwisho akabonyeza ubavu. Nyama ikarudi mahali pake mara moja, alama ya kidole ikapotea. Ndipo akauliza bei, na ndani ya bei hiyo akauliza kama kuna kupaa magamba, kukaanga, ugali na mboga. Yote yakasemwa kabla kisu hakijagusa samaki. Tulilipa shilingi 600 kwa ngege mmoja wa kumshibisha mtu mzima, pamoja na vyote hivyo. Bei hupanda na kushuka kulingana na mavuno, lakini kuuliza ni bure.

Usiogope pia kuuliza samaki ametoka wapi. Siku hizi ngege wengi hufugwa kwenye vizimba ndani ya ziwa, na sokoni wapo pia walioagizwa kutoka China wakiwa wamegandishwa. Wa vizimba si mbaya, mimi hula. Ninachotaka ni kuambiwa ukweli, kwa sababu ladha ni tofauti. Na wazee wa ufuoni watakukumbusha kwamba hata huyu tunayemwita ngege, mara nyingi ni nyamami, aina nyingine ya tilapia, aliyeletwa ziwani miaka ya 1950. Ngege wa asili amekuwa adimu mno. Inaniuma kila nikilisikia.

Sasa mapishi. Wengi huagiza samaki mkavu, wa mafuta tu, akiwa amechanjwa chale ubavuni ili chumvi na ndimu ziingie. Ni mtamu akiliwa papo hapo. Lakini ukiniuliza mimi, agiza wet fry: anakaangwa, kisha anarudishwa kwenye sufuria yenye kitunguu, nyanya na dania, anachemka kidogo hadi ngozi inywe mchuzi. Kando yake omba ugali wa mtama uliochanganywa na muhogo ukiwepo, na mboga za kienyeji, osuga (mnavu) au akeyo (mgagani), zile zilizopikwa kwa maziwa zikalala sufuriani siku moja au mbili hadi uchungu ukatulia. Mgeni asiyezijua huona ni chungu tonge la kwanza. La tatu hulitafuta mwenyewe. Kula kwa mkono, miiba utaihisi kwa vidole kabla haijafika kooni.

Omena nao, yaani dagaa, msiwapuuze. Ila upande wetu wa Kenya uvuvi wao hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai ili wazaane, kwa hiyo miezi hiyo usitegemee kupata wabichi kutoka hapa.

Vibanda sitavitaja kwa majina, na sababu ninayo. Maji ya ziwa yalipopanda mwaka wa 2020 yaliingia hadi kwenye majiko, watu wakahama, wengine wakarudi na kujenga mahali pengine. Kibanda nilichokipenda sana wakati ule sasa ni maji na magugu. Mfuate mpishi. Ukimpata mama anayekupikia vizuri, omba namba yake, mpigie siku moja kabla, mwambie mko wangapi. Atakuwekea samaki mzuri na hutangoja.

Kama pesa ni kidogo, kuna chakula kingine ambacho watalii hawaonyeshwi. Sangara, ambaye hapa tunamwita mbuta, hupasuliwa viwandani, minofu yake ikauzwa ng'ambo. Mfupa na kichwa hubaki kwetu, na ndio mgongo wazi. Nenda mtaa wa Obunga, hapa hapa Kisumu, uone wanawake wanavyoukaanga kwenye makarai makubwa, moshi ukiwazunguka tangu asubuhi. Kwenye shingo na mashavu kuna nyama laini na mafuta mengi. Nimelelewa kwa mgongo wazi wakati ada ya shule ilikuwa imemaliza kila kitu nyumbani, na bado naununua kwa hiari. Ufuo haupo Obunga, lakini unaweza kufungiwa ukaenda kula Dunga kwenye upepo.

Wenye watoto, kaeni mbali na mafunjo jua likikaribia kuzama, kama saa kumi na mbili na nusu jioni. Viboko hutoka wakati huo kula majani. Bebeni na shati la mikono mirefu, mbu wa ziwani hawana mchezo na malaria ipo. Jumapili alasiri pana watu wengi na muziki wa juu. Anayetaka kimya aje siku ya kazi.

Siku ile ya pili shangazi alikula ngege mzima, akamaliza na kichwa, akanyonya mfupa mmoja mmoja na kuupanga ukingoni mwa sahani. Kisha akarudi kwa yule mama karanga, akakaa naye kwenye benchi kama nusu saa. Walipoachana walikuwa wamepeana namba. Tangu hapo kila Alhamisi samaki wa shangazi hupakiwa Dunga alfajiri, hupelekwa stendi na boda boda, na kufika Luanda soko likiwa ndiyo kwanza linafunguliwa.