Kabla ya kuweka waya wa umeme juu, angalia fensi yako imesimama kwenye nini

Umeuliza kama waya wa umeme utakufaa kwenye ploti yako ya Ruai, mashariki mwa Nairobi, maana fensi ya chenlinki (ule wavu wa waya) imeanza kulala na wezi wameshaingia wakabeba mtungi wa gesi na nguo za kwenye kamba. Wengi wamekujibu weka umeme umalize maneno. Mimi nasema pesa hiyo ianzie chini. Nasimamia nyumba za kupangisha za familia upande wa Uthiru, na kwangu mwenyewe ni Utawala, kwa hiyo udongo mwekundu naujua na huo mweusi wenu naujua vilevile.

Huo mweusi ndio adui wako wa kwanza, kabla hata ya mwizi. Mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unanywea na kupasuka nyufa za kuingiza mkono. Nguzo iliyochimbiwa futi moja na nusu husukumwa huku na huku wakati wa masika, kisha kiangazi inabaki bila cha kuishika. Ndiyo maana kuanzia Embakasi hadi Kitengela utaona nguzo zimeinama kuelekea barabarani. Fundi akikunyooshea na kurudishia udongo uleule, mvua ijayo mtakutana naye tena.

Pima hivi. Simama mbele ya nguzo, isukume kwa usawa wa kifua, lakini macho yawe mguuni. Ukiona ufa wa mviringo unafunguka na kufunga pale zege inapokutana na udongo, nguzo hiyo haijashikwa na kitu; imesimama kwa sababu waya umeivuta pande zote mbili. Anza na nguzo za kona. Hizo ndizo zinazobeba mvuto wote, na kila moja inahitaji mikono miwili ya kuegemeza, yaani nguzo za mshazari, mmoja kwa kila upande unaokwenda waya. Watu wengi hulaumu waya umelegea katikati, kumbe kona ndiyo imeingia ndani.

Shimo jipya lichimbwe mpaka upite weusi ufikie murram, ule udongo mgumu wenye changarawe. Kuna mahali utaipata mapema, kuna mahali utatoa jasho. Ikiwa iko mbali sana, panua shimo huko chini kuliko mdomo wake, umwage zege, na uso wa zege uinuke kidogo juu ya ardhi ukiteremka pande zote ili maji yasisimame. Ule udongo mweusi uliotoka usirudi shimoni. Tumia murram na uishindilie.

Kama umefikiria nguzo za mikaratusi iliyotiwa dawa, ni nzuri, ila mtazame fundi anavyokata. Dawa huingia tabaka la nje tu, kiini cha mti hakiinywi. Akikata ncha kisha akaifukia hiyo ncha iliyokatwa, amewafungulia mchwa mlango. Ukataji wote uwe upande wa juu, na pale palipokatwa papakwe dawa. Oili chafu ya gereji ambayo kila mtu anapendekeza mimi siipendi, hasa kama una kisima au umepanda sukuma kando ya fensi.

Nguzo za chuma kwa Ruai nisingeweka. Mwizi wa Nairobi wakati mwingine haji kwa ajili ya vitu vyako, anaitaka fensi yenyewe akaiuze kwa kilo. Mnakumbuka Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma kuukuu baada ya minara ya umeme kuharibiwa, na miezi michache baadaye biashara ikarudi. Nguzo ya zege hakuna anayeinunua.

Kwenye waya, uliza geji. Namba ikipanda, waya unazidi kuwa mwembamba, na hapo ndipo watu wa hadiwea hutupunja. Roli la geji 16 na la 12.5 ukiyatazama kwa mbali ni yaleyale, lakini jaribu kuyanyanyua. Geji 16 hukatwa na koleo dogo bila hata mbwa kuamka. Huko chini pitisha waya mmoja mnene uliokazwa, wavu ufungiwe hapo, kisha weka mstari wa mawe au zege nyembamba. Mbwa akishachimba tundu, mtu hulipanua. Na tuache huu mtindo wetu wa kuchomea taka kwenye kona ya fensi. Moto hula ile zinki iliyopakwa juu ya waya, na kutu huanzia hapohapo.

Sasa kaiyaba, ule mmea wa miiba unaopandwa kuwa ua. Huku Uthiru na Kikuyu kuna nyua za kaiyaba zilizopandwa na mababu na bado hata kuku hapiti. Mmea wenyewe asili yake ni kusini mwa Afrika, lakini umezoea hapa. Unastahimili ukame, miiba yake ni mirefu na migumu, na hakuna anayeweza kuuiba. Ubaya wake ni subira, kwa sababu miaka ya kwanza haulindi chochote. Ndiyo maana ningekushauri uupande sasa, ndani ya chenlinki yako, mistari miwili inayopishana, na kuupogoa kuanzia ukiwa mdogo. Wengi huuacha urefuke haraka ili wajisikie wamefunikwa, unaishia na kichwa kikubwa na miguu mitupu, na mwizi hupita miguuni. Chini pawe papana kuliko juu ili jua lifike. Ukishapogoa, okota matawi yote mwenyewe. Mwiba wa kaiyaba uliokauka njiani hutoboa tairi la bodaboda, na ukishawatobolea wale vijana wa steji hutapata amani mtaani.

Ukuta wa mawe ya kukatwa, yale ya Ndarugo, ukiwa na pesa ni sawa, lakini juu ya udongo mweusi bila msingi wa maana utapasuka. Uachie pia matundu ya kupitisha maji huko chini, na usimruhusu jirani arundike udongo upande wake. Ukuta wa mpaka haukujengwa kubeba mlima. Kila msimu wa mvua kubwa tunasikia ukuta umeangukia watu, na mara nyingi ni maji yaliyokosa pa kutokea. Ukuta mrefu usio na mwanya una jambo lingine pia: mwizi akishaingia, hakuna jirani anayemwona.

Turudi kwenye umeme uliouliza. Mashine ya fensi ya umeme hutuma mpigo mfupi sana wa volti elfu kadhaa, karibu mmoja kila sekunde, ndiyo maana unashtua lakini haukusudiwi kuua. Yule aliyeshauri uunganishe waya moja kwa moja na stima ya nyumba, tafadhali asisikilizwe. Umeme wa 240 usiokatika ukimshika mtoto aliyefuata mpira hamwachii, na kesi itakuwa yako.

Waya wa umeme hufa kwa mambo mawili. La kwanza ni majani. Tawi moja bichi likigusa waya linapeleka nguvu ardhini, na baada ya mvua mpigo unabaki wa kutekenya. Tembea kando ya fensi usiku kukiwa kimya, utasikia ta, ta, ta, na ukisogea utaona cheche ya buluu kwenye kishikio kilichopasuka, kile kinachotenga waya na nguzo. Hapo ndipo pa kurekebisha. La pili ni fito za ardhini, zile za chuma zinazounganisha mashine na udongo. Kiangazi udongo ukikauka hazishiki, kwa hiyo ziwe tatu au zaidi, ndefu, zimeachana, na pale zilipo pamwagiwe maji mara moja moja. Betri nayo ipimwe, maana stima yetu unaijua inavyokatika. Weka vibao vya onyo. King'ora kikilia kila paka akipita, majirani watazoea, na siku ya mwizi hakuna atakayetoka.

Ila yote haya yanahitaji nguzo zilizonyooka. Ukifunga waya wa umeme kwenye nguzo inayoinama, masika ya kwanza waya unalegea, unagusana na wavu, na mashine inabaki kuwaka taa bure.

Kabla ya kuchimba, mwite mpima ardhi akuonyeshe bikoni, yaani alama za mpaka, jirani akiwepo. Fensi ya zamani si ushahidi wa mpaka. Ukiamua ukuta wa mawe, chukua kibali cha kaunti kwanza, na usijenge chini ya nyaya za umeme mkubwa.

Geti pia liangalie. Ukiweza kulinyanyua kutoka kwenye bawaba zake, basi kufuli ni pambo. Bawaba moja igeuzwe ielekee chini, au fundi achomelee kizuizi juu yake. Mawe ya ujenzi yaliyobaki nje kando ya fensi ondoa, hiyo ni ngazi. Na pale mtaro wa maji unapopita chini ya fensi weka vyuma vya kuzuia mtu, uvisafishe takataka kila mvua inapokaribia.

Fundi usimlipe kwa siku. Mlipe kwa shimo, na uwepo kabla zege haijamwagwa. Watakuambia waanze saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijawa kali, nawe ufike saa nne ukute kila kitu kimefunikwa. Fika nao hiyo saa kumi na mbili, na tepu ya kupimia uende na yako.