Leva ya gia ikicheza kama mwiko kwenye uji, usikubali gia boksi ishushwe kwanza

Kama una gari la zamani utakuwa unaijua hii: taa za Mafiati hapa Mbeya zimeruhusu, unaweka namba moja, unaachia klachi, gari linatetemeka tetetete halafu linazima, kumbe ulichoweka ni tatu. Nyuma bajaji zinapiga honi, na wewe mwenyewe ungeapa mbele ya mama mkwe kwamba umeweka moja.

Gari langu ni Karmann Ghia ya 1969, injini 1500. Kila nikipaki Mwanjelwa kuna mtu anauliza eti hii ndo Porsche? Hapana ndugu yangu. Ni Volkswagen Beetle iliyovalishwa suti, bodi imechorwa na Ghia kule Italia ikaundwa na Karmann, Osnabrück, Ujerumani, kuanzia 1955 mpaka 1974. Spoti kwa sura, ila kwenye mlima Fuso la viazi linakuwashia indiketa likupite. Sasa cha muhimu kwenye habari hii ni kwamba injini na gia boksi vipo nyuma, leva ipo mbele kwa dereva, na kati yao kuna rodi ya zaidi ya mita moja inapita ndani ya lile nundu la katikati ya viti. Rodi hiyo ina bushi, yaani kipete inachopitia na kutelezea, mbele karibu na leva, na nyuma kuna kaplingi yenye mipira inayoiunganisha na gia boksi. Hivyo viwili vikiisha leva inakuwa haina adabu kabisa.

Fundi wa kwanza aliniambia gia boksi imekufa, tushushe, andaa laki tisa. Hakulala chini wala hakufungua kitu, alitikisa leva tu akatikisa na kichwa. Kabla hujakubali maneno ya namna hiyo fanya hivi. Toa kiti cha nyuma, kwenye nundu utaona kifuniko kidogo, kifungue utaona kaplingi. Zima gari, mwambie mtu akae mbele achezeshe leva taratibu na wewe umulike tochi. Kama leva inatembea kipande kirefu ndipo shafti ya gia boksi inashtuka, ugonjwa upo kwenye rodi na bushi, wala siyo ndani. Kama shafti inafuata leva vizuri lakini gia bado zinasaga, hapo ndo uanze kuwaza klachi au sinkronaiza, zile pete za ndani ya gia boksi zinazolinganisha mwendo wa gia ziingie bila kusaga. Na klachi uiangalie mapema, pedali iwe na uchezaji wa sentimita 1 mpaka 2 kabla haijaanza kuvuta, maana kebo ya klachi ikilegea gia zinakuwa ngumu na utabadilisha bushi zote duniani bila faida. Angalia pia mipira inayoshikilia gia boksi, ikichoka boksi lote linahama ukikanyaga mafuta.

Kwangu kaplingi ilikuwa imebaki chuma kwa chuma. Kwa ubishi wangu nikakata mpira wa tyubu nikajazia, ukadumu kama wiki tatu. Baadaye nikapata kaplingi ya Beetle, inaingia vile vile, ikaja na basi kutoka Dar. Nikampa fundi mwingine aifunge, na hapa ndipo naomba mnisikilize vizuri. Kaplingi inashikwa na skrubu yenye kichwa cha mraba, ncha yake inatakiwa ikae kwenye kishimo kilichopo kwenye shafti, halafu skrubu ifungwe na waya isijizungushe. Huyu bwana alikaza, waya hakuweka. Jumapili naenda Tukuyu kwenye msiba, nimefika Isongole, ukungu na manyunyu, leva ikawa nyepesi ghafla, inazunguka popote nitakapo na gari limegoma kwenye namba tatu. Nimegeuza kwa kusukumwa na vijana wa viazi, nikarudi mpaka Uyole na tatu mwanzo mwisho, klachi inanuka mpaka machozi. Laiti ningejua ningetoa kiti, nikarudisha skrubu kwenye kishimo, dakika kumi nimeondoka. Sasa hivi natembea na kipande cha bainding waya na spana ya ile skrubu.

Baada ya kaplingi gari lilipata nafuu lakini siyo kupona, maana ile bushi ya mbele mafundi wengi wanairuka. Siwalaumu sana, inakera. Unafungua leva, bolti mbili za spana 13, na kabla hujaitoa kile kisahani cha chini yake kichore kwa msumari kilivyokaa na kilivyoelekea, usije ukaanza kukisia. Ukimulika kwenye tundu utaona kibano kinachoshika bushi, ya kwangu ilibaki vipande viwili vikavu kama maganda ya karanga. Unafungua kaplingi nyuma, unaisogeza rodi kwa plaizi ya kujibana mpaka itoke kwenye bushi, unatoa takataka zote, vumbi letu la huku ukilichanganya na grisi ya miaka hamsini unapata kitu kama lami. Rodi ikiwa na ukali piga msasa, la sivyo itaitafuna bushi mpya.

Bushi mpya ni ya plastiki na ina pete ya waya inayoibana isichomoke. Asubuhi ya Juni hapa Mbeya plastiki hiyo ni ngumu kama jiwe, nilihangaika nayo saa nzima nikachubuka vidole, mke wangu akapita akaniuliza kwa nini usiiloweke kwenye maji ya moto? Nikailoweka, ikaingia. Pete nayo ilinidondokea humo ndani mara mbili, nikaitoa kwa sumaku niliyofunga kwenye kijiti, kwa hiyo sumaku iandae kabisa kabla hujaanza.

Kuna aliyenishauri tuchonge bushi ya shaba kwenye leti, mashine ya kuchonga vyuma, eti hiyo haifi. Nikachonga, nikafunga, gari zima likawa linalia zzzzz kwenye leva kila injini ikipanda, usiku nikashindwa hata kusikia redio. Nikaitoa. Naironi iliyochongwa vizuri sawa, ila isibane rodi, iteleze kwa mkono mmoja.

Kurudisha, paka grisi kila panapogusana, weka gia namba mbili, rudisha leva na kisahani kwenye alama zako, kaza. Kabla hujawasha pitisha gia zote injini ikiwa imezimwa, halafu rivasi, ambayo kwenye hizi gari lazima uikandamize leva chini ndipo uivute kushoto na nyuma. Ikikubali rivasi bila kukandamiza usitoke getini, kisahani kimekaa vibaya, legeza usogeze kidogo kidogo, kwa sababu siku utatafuta namba mbili ukiwa kwenye mwendo upate rivasi. Mimi nilisogeza mara nne hivi.

Nilipotoka kujaribu nilipanda mpaka Igawilo na kurudi nikibadilisha gia hata pasipohitajika, raha tu, tak, tak. Baridi ya Julai inaifanya leva iwe nzito kidogo asubuhi mpaka grisi ipate joto, hilo lisikutishe. Bushi niliagiza mbili, ya pili ipo kwenye dashibodi imefungwa na mfuko pamoja na pete yake.